Njia panda si mahali pa kupumzika

Ndugu msikilizaji, mtu wa mjini anayeishi kwa mshahara hana siku nyingi za kujipumzisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya siku 28 kwa mwaka. Lakini siku hizo huliwa na misiba, harusi, shule za watoto na kwenda kuwajulia hali wazee kijijini. Kinachobaki ni siku 3, pengine 4, pale sikukuu inapoangukia Ijumaa au Jumatatu. Siku hizo hulipiwa kwa akiba ya miezi kadhaa, kwa hiyo si jambo dogo kuamua mapema utalala wapi.

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wanaotamani bahari na milima kwa safari moja huuelekea Mkoa wa Tanga, nao hawakosei. Upande mmoja wana Tanga mjini na Pangani, upande wa pili wana Milima ya Usambara. Tatizo huanza wanapoitazama ramani. Bahari iko huku, milima iko kule, na katikati ipo Korogwe. Basi baba mwenye nyumba husema: "Tutalala katikati. Siku moja tutateremka pwani, siku ya pili tutapanda Lushoto." Maneno hayo yana sura ya busara. Hebu tuyapime kwa kilomita.

Kutoka Korogwe hadi Tanga mjini ni kilomita 90 hivi. Kutoka Korogwe hadi Lushoto, kupitia Mombo na Soni, ni kilomita 75 hivi, na 33 za mwisho ni za kupanda mlima kwa barabara nyembamba yenye kona nyingi. Ukienda na kurudi kote kuwili, umetembea zaidi ya kilomita 320 ndani ya siku 2, mbali na zile 300 za kutoka Dar es Salaam na nyingine kama hizo za kurudi. Je, hayo ni mapumziko, au ni kazi ya utingo?

Hasara kubwa zaidi iko kwenye saa zenyewe. Mlima humpa mgeni kilicho bora alfajiri na jioni: ukungu unapoinuka mabondeni, na baridi inapoanza kuuma watu wakasogelea moto. Pwani nayo huwa tamu jua linapopoa na upepo wa bahari unapovuma. Anayelala njia panda hufika kila mahali jua la utosini, na saa ile nzuri inapowadia yeye yuko barabarani anawahi kurudi kabla ya giza. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Huyu naye amelipia bahari na mlima, akapata joto la Korogwe.

Tufanye nini basi? Kwanza, tukumbuke kwamba Usambara ni mbili. Ipo Usambara ya Magharibi, yenye Lushoto, Soni na Magamba, ambako vilele vinapita mita 2,200. Na ipo Usambara ya Mashariki, yenye Amani, iliyo fupi zaidi na iliyo karibu zaidi na bahari. Kati yake limelala Bonde la Lwengera. Wengi wakisikia Usambara hufikiri Lushoto peke yake, na hapo ndipo hesabu inapoharibika.

Mwenye usiku 2 tu na anayetaka vyote viwili, aweke kituo Tanga mjini, kisha mlima wake uwe Amani. Muheza ni chini ya kilomita 40 kutoka Tanga, na kutoka Muheza kupanda Amani ni kama 30 na ushei. Anaweza kuondoka alfajiri, akatembea msituni asubuhi, akarudi Raskazone jua likiwa halijazama. Huko Amani ataona mahali ambapo Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, na msitu uliotangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Ataona pia maua madogo ya zambarau ambayo leo hupamba madirisha ya Ulaya na Marekani. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 kutoka milima hii hii. Lakini aangalie: barabara ya kupanda ni ya udongo, wakati wa masika huteleza, na magari ya abiria ya kwenda huko ni machache. Asiye na gari lake aulizie Muheza mapema saa ya kupanda na saa ya kurudi.

Anayetaka baridi hasa, aende Lushoto na aiache bahari kwa safari nyingine. Lushoto ipo mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa nyuzi kama 6. Mwezi wa Julai mtoto bila sweta atateseka. Kwa anayelala huko, machweo ya Irente, ukiitazama Mazinde na nyika chini yako, hayahitaji haraka.

Na mwenye usiku 4 agawanye: 2 Lushoto, kisha 2 Tanga au Pangani. Aanze na mlima, kwa sababu kupanda na kushuka kunachosha, na mwili uliochoka hupumzika vizuri zaidi ufukweni kabla ya kurudi kazini.

Anayechagua pwani atazame pia mwezi angani. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Siku hizo maji hukupwa yapata saa 4 asubuhi na kujaa yapata saa 10 jioni, kisha kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Asiyejua hilo huwapeleka watoto kuogelea asubuhi akakuta matope na majani ya bahari. Fungu la mchanga la Maziwe, mbele ya Pangani, huzama kabisa maji ya bamvua yakijaa. Nahodha wa huko hafuati saa ya mgeni, hufuata maji.

Mwisho, ndugu msikilizaji, tuwafikirie tunaosafiri nao. Mama aliyepika mwaka mzima nyumbani asipelekwe mahali ambapo atapika tena, wala bibi mwenye magoti mabovu asipangiwe siku 3 za kupanda na kushuka garini. Na dereva ambaye ni baba wa familia asilazimishwe kuendesha usiku kwa sababu tu chumba kilikodiwa mbali. Barabara ya Segera ina malori mengi, na uchovu haujui sikukuu.

Wenyeji wa Tanga wana utani wao kwa wageni: waja leo, waondoka leo. Msiwape sababu ya kuwacheka. Chagueni sehemu moja, mlale hapo, mwamke hapo, na muione asubuhi yake.

Hadi wiki ijayo, panapo majaliwa.