Kupendwa, Kupandwa, Kuolewa: Msichana wa Shule na Jini Mshindani

Kichekesho cha mapenzi chenye jini ndani yake huwa na wahusika watatu: msichana wa shule asiyejua mambo, kijana anayemtaka, na kiumbe asiyeonekana aliyekwisha kumchagua msichana huyo zamani. Pwani kiumbe huyo huitwa jini mahaba, na huaminika kuwa na wivu usiovumilia mchumba wa kibinadamu. Makala haya yanaeleza jinsi utatu huu unavyobadilika ukihamishiwa Ngara na Biharamulo, na kwa nini ujinga wa msichana ni suala la sarufi kabla ya kuwa suala la tabia.

Kishubi na Kihangaza, ambazo Guthrie aliziorodhesha kama D64 na D65, ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kiha. Katika ukanda huo wa Maziwa Makuu, kuingiwa na pepo huitwa kubandwa. Kiswahili kina kupandwa na kupagawa. (Mfanano wa sauti usituhadae: kupanda ni kukwea, ilhali kubandwa hufasiriwa kuwa ni kukandamizwa.) Ng'ambo ya mpaka, Burundi ya kifalme ilimjua Mukakiranga, yaani mke wa Kiranga, pepo mkuu wa ibada hiyo. Ndoa ya aina hiyo haikuwa mzaha, bali cheo. Jini mahaba hana cheo cha kumpa mtu. Ana wivu tu, na wivu ndio unaozaa kichekesho.

Upatanisho wa ngeli nao una kazi yake. Twasema "jini amempenda", kama tunavyosema "kijana amempenda". Wapinzani wawili wanalingana kisarufi. Lakini "mzimu umemtokea" hutuonyesha mzimu ukiwa katika ngeli ya U-I, pamoja na mti na mkate. Kinyarwanda, jirani wa Kihangaza, huweka abazimu katika ngeli ya watu. Mtunzi wa Ngara anayeandika kwa Kiswahili hana budi kuchagua: ampe mzimu wake kiambishi cha mtu, au ashindwe kumfanya mchumba.

Tubuni onyesho. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayeishi karibu na maporomoko ya Rusumo anaambiwa na bibi yake:

"Mjukuu wangu, umependwa."
"Na nani, bibi?"
"Na asiyeonekana."
"Basi aje Jumamosi. Siku nyingine tuna masomo."

Hadhira itacheka, kwa kuwa msichana hajaelewa uzito wa habari. Hata hivyo "aje" ni kitenzi cha kwanza katika mazungumzo haya kinachomfanya pepo atii ratiba ya mtu. Kabla yake msichana alikuwa mtendwa tu, na vitenzi vinavyomsubiri, yaani kupandwa, kuposwa na kuolewa, vyote ni vya kutendwa. Filamu ya Shumileta (2005) ya Mussa Banzi iligeuza mpangilio huo: jini ni wa kike, naye ndiye apendaye.

Hapa ndipo kicheko kinapohitaji uangalifu. Kauli ya kutendwa humruhusu msemaji kumwacha mtendaji bila kumtaja: "mwanafunzi amepewa mimba". Na nani? Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yalijibu kwa kumwelekea mtendaji, kwa kifungo cha miaka 30. Adhabu ya msichana mwenyewe, yaani kufukuzwa shule, iliendelea hadi Novemba 2021, Serikali ilipotangaza kwamba wanafunzi wanaojifungua wataruhusiwa kurudi katika shule za umma. Mtunzi anayejaza nafasi ya mtendaji kwa jini anampa mwanamume wa kweli maficho mazuri kuliko yote: hana uso, hana anwani, na hakuna mahakama iwezayo kumwita.

Kwa maoni yangu, dosari haimo katika kumtumia jini, bali katika kumnyima msichana kitenzi chake. Katika Rosa Mistika (1971) Kezilahabi hakuhitaji pepo yeyote. Ukali wa baba ulitosha kumwacha binti bila maarifa ya kujilinda. Msichana wetu wa Rusumo ana bibi anayemjibu anapouliza "na nani?", na tamthilia inayompa nafasi ya kuuliza swali hilo mara ya pili, mbele ya kijana na mbele ya jini, bado inaweza kuchekesha.