Si Kila Homa ni Malaria

Masika yamalizikapo na mawingu kuufunika mlima, baridi ya Juni na Julai hushuka kutoka Marangu na Kibosho hata mjini Moshi, nasi hujibana ndani, madirisha yakiwa yamefungwa. Ndipo mtu huamka mzima, akaenda kazini, na ifikapo jioni hawezi hata kuinua mkono. "Malaria imenishika," husema, akapitia dukani kununua dawa.

Dhana hiyo imekwisha kupimwa hapa hapa Moshi. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi. Wagonjwa 528 walikuwa wameandikiwa malaria. Maabara iliikuta kuwa chanzo cha homa kwa 14 tu! Wengine walikuwa na maradhi tofauti kabisa, baadhi yakitokana na mifugo na panya.

Mafua makali, yaani influenza, hujificha kwa urahisi nyuma ya jina la malaria, kwa kuwa nayo huleta homa, kutetemeka, kuumwa kichwa na maungo. Lakini mara nyingi huandamana na kikohozi kikavu na koo linalowasha, nayo huingia ghafla. Mafua ya kawaida huanza polepole kwa chafya na kamasi, wala hayamwangushi mtu kitandani. Homa ya influenza aghalabu hupungua baada ya siku chache, ila kikohozi na uchovu huweza kudumu majuma mawili au zaidi.

Hata hivyo, macho hayatoshi kuyatenganisha maradhi haya. Pima damu kwanza. Ikiwa malaria haipo, dawa zake hazitakusaidia, wala viuavijasumu haviui virusi vya influenza. Pumzika, unywe vya kutosha, na mtoto asipewe aspirini.

Kwa mtoto, tazama kifua. Akiwa ametulia, mhesabie pumzi kwa dakika nzima. Pumzi 50 au zaidi kwa mwenye miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya hatari. Kadhalika sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani avutapo pumzi, akishindwa kunyonya, au akiwa mzito kuamka. Hapo mpelekeni hospitali usiku huo huo, hata kama mvua inanyesha.