Harufu ya kuungua kwenye maikrowevu: itoe kabla hujaipiga picha ya kuuza

Leo niongee na wale tunaouza vyombo vya ndani vilivyotumika, hasa maikrowevu. Kila wiki naona mtu anauliza kwa nini mteja amerudisha mzigo wakati mashine inawaka, inapasha, na sahani inazunguka vizuri. Ukifuatilia unakuta shida ni harufu. Mtu wa kwanza aliunguza bisi humo ndani, au alisahau maziwa, au alipasha nyama ya mafuta mwaka mzima bila kufuta. Picha haina harufu. Mteja wako wa Dodoma au Mwanza anakuamini kwa macho, halafu anakuja kukupima kwa pua.

Piga hesabu kidogo. Tuseme umeinunua 60,000 na unaiuza 90,000. Mimi nikiwa Mitundu, mzigo unatoka hapa na gari mpaka Itigi, kisha unapanda basi. Ukirudishwa, nauli ya kwenda na kurudi, boksi jipya na pesa ya boda vinaimaliza faida yote, na bado una mashine inayonuka dukani. Kwa hiyo saa moja ya kuisafisha ni kazi inayolipa.

Kwanza uelewe harufu inakaa wapi, maana wengi wanapotea hapo. Wanafungua mlango mashine ipigwe na upepo, wanapulizia marashi ya chumba, siku ya pili harufu ipo palepale. Moshi wa chakula kilichoungua sio hewa tupu. Una chembe ndogo za masizi na mafuta, zinapanda na kutua kwenye kuta, kwenye dari, kwenye matundu ya hewa, chini ya sahani na kwenye mpira au plastiki ya mlango. Zikipoa zinakuwa utando mwembamba, wakati mwingine hata huuoni. Huo utando ndio unaonuka. Hewa ukiitoa, utando unatengeneza harufu nyingine. Huku kwetu tunaouza asali tunalijua hili vizuri: mrinaji akizidisha moshi kwenye mzinga, asali inaushika, na hata ukiacha ndoo wazi siku tatu hautoki. Afadhali maikrowevu, yenyewe inafutika.

Na jingine: maikrowevu inapasha vizuri vitu vyenye maji. Ule utando mkavu hauna maji, kwa hiyo kuiwasha tu hakuuyeyushi. Tena kuiwasha ikiwa tupu ni kuiua, kwa sababu mawimbi yakikosa chakula au maji ya kuyanyonya yanarudi kuichosha mashine yenyewe. Tunachotaka ni mvuke. Mvuke unaingia kila kona, unalowesha utando, nao unaachia.

Anza na plagi ikiwa nje. Toa sahani ya kioo na lile duara lenye vigurudumu chini yake, vioshe kwa sabuni ya maji ya vyombo. Usiliruke lile duara. Chini yake ndipo mafuta na punje zilizoungua zinapojificha, na wauzaji wengi hawajawahi hata kuliinua.

Ukirudisha sahani, chukua bakuli la kioo au la udongo, tia maji kikombe kimoja na siki vijiko viwili vya chakula. Kama huna siki, kata limau moja, kamua na maganda yake uyatumbukize humohumo. Weka na kijiko cha mti ndani ya bakuli. Hicho sio urembo: maji yakipashwa kwenye chombo laini sana yanaweza kupita kiwango cha kuchemka bila kutoa mapovu, halafu ukiyagusa yanaruka yote usoni. Kijiko cha mti kinasaidia mapovu yaanze mapema. Washa dakika tatu mpaka tano, kioo cha mlango kifunikwe na mvuke. Ikizima, usifungue. Iache imefungwa dakika kumi hivi, mvuke ufanye kazi. Wengi wana haraka hapa, wanafungua palepale, mvuke wote unatoka na kuta zinakauka tena.

Baada ya hapo chomoa plagi, toa bakuli kwa uangalifu, chukua kitambaa laini chenye maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo. Siki haikati mafuta vizuri, sabuni ndiyo inayokata. Anza na dari, maana matone yanashuka. Kisha kuta, kona, ukingo wa mlango, na kule mlango unapokutana na mwili wa mashine. Malizia kwa kitambaa chenye maji matupu, halafu kikavu. Kitambaa kikitoka na rangi ya chai, rudia mvuke. Mashine iliyoungua vibaya inaweza kutaka mara tatu.

Usitumie waya wa kusugulia sufuria. Unakwaruza rangi ya ndani, chuma kinabaki wazi, kinashika kutu, na siku mteja anapasha chai anaona cheche. Dawa ya klorini ya kufulia nayo iweke mbali, hasa kama umetumia siki, kwa sababu vikikutana vinatoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu kwenye kifua. Na wale wanaochanganya siki na bekingi soda kwenye bakuli moja ili litoke povu: povu linapendeza, lakini vikishamalizana unabaki na kitu kama maji ya chumvi. Vitumie kwa zamu. Siki kwenye mvuke, bekingi soda baadaye.

Kuna kipande kimoja ambacho ukikisahau kazi yote ni bure. Angalia ukuta wa ndani, mara nyingi upande wa kulia, utaona kijibati cha rangi ya kijivu au kahawia kama kadi ngumu. Mafundi wanakiita maika. Kinafunika mlango ambao mawimbi yanatokea. Mafuta yakirukia pale yanaungua kila siku kidogo kidogo, na harufu yake inarudi kila mashine inapowashwa. Kifute taratibu kwa kitambaa chenye unyevu, usikiloweke, na kikauke kabisa kabla ya kuwasha. Kama kina doa jeusi lililochimbika au tundu, hakisafishiki, kinabadilishwa. Mafundi wa vifaa vya umeme wanauza karatasi yake, inakatwa kwa mkasi kufuata kipimo cha ile ya zamani. Usiuze mashine bila hicho kipande.

Kama yako ina grili, kile chuma cha juu nacho kinashika mafuta. Itoe nje au karibu na dirisha, washa grili peke yake bila mawimbi kwa dakika chache, moshi utoke wote. Usiguse hapo mpaka ipoe kabisa.

Sasa utando umetoka, imebaki harufu iliyojificha kwenye plastiki na kwenye matundu ambayo kitambaa hakifiki. Hapa ndipo unaweka kitu cha kunyonya. Bekingi soda nusu kikombe kwenye sahani pana, mlango umefungwa, usiku kucha. Kahawa ya unga iliyokauka nayo inasaidia, ila inaacha harufu yake. Kwa sisi wa huku kitu rahisi ni mkaa. Chukua vipande vikavu ambavyo havijawashwa, vipanguse vumbi, viweke kwenye bakuli ndani ya mashine siku mbili. Mkaa una vitundu vidogo vingi sana ndani yake, na harufu inanasa humo. Andika karatasi ubandike mlangoni, USIWASHE, kwa sababu mtu wa nyumbani akija kupasha uji akakuta mkaa ndani, hapo utakuwa na harufu mpya kabisa.

Kabla ya kutangaza, jaribu hivi. Funga mlango usiku mzima ikiwa tupu na plagi nje. Asubuhi fungua na unuse kabla hujanywa chai. Kisha weka kikombe cha maji, pasha dakika mbili, unuse tena, kwa sababu joto linaamsha harufu ambayo baridi imeilaza. Na usijiamini wewe. Pua inazoea haraka, aliyeshinda na mashine siku mbili hasikii kitu. Mwite jirani ambaye hajaingia dukani leo, usimwambie unatafuta nini, muulize tu anasikia nini akifungua mlango.

Ufungaji nao unaharibu kazi nzuri. Boksi la zamani lililokaa na mashine yenye moshi limenywa ile harufu, pamoja na lile povu jeupe linalokinga kona. Ukiirudisha humo na kuiziba kwa gundi, ikae siku mbili kwenye buti la basi na jua la njiani, mteja akifungua anapokea moshi wa miezi. Tumia boksi safi. Hakikisha ndani ni pakavu, maana unyevu uliofungiwa unaleta uvundo, na weka kifuko kidogo cha kitambaa chenye bekingi soda, kikiwa na maandishi ya kumwambia mteja akitoe kabla ya kuwasha. Na stoo, usiihifadhi pamoja na mafuta ya taa, vitunguu au madumu ya mafuta ya alizeti yanayovuja.

Niongeze jambo ambalo ni zito kuliko kurudishiwa mzigo. Sio kila harufu ya kuungua ni ya chakula. Ukisikia kama plastiki inayoyeyuka, au waya ulioungua, au ile harufu ya ajabu kama samaki aliyeoza, na inatoka nyuma au kwenye matundu ya feni wakati kuna maji tu ndani, hiyo ni ya umeme. Vivyo hivyo ukiona cheche, ukisikia ngurumo ambayo sio kawaida, au plagi ikiwa ya moto. Zima, chomoa, usijaribu tena. Na usifungue bodi ya nje kwa bisibisi ukasema umeshachomoa umeme. Ndani kuna kapasita inayotunza umeme wa zaidi ya volti 2,000, na inaweza kubaki nao hata baada ya plagi kutoka. Umeme huo unaua. Hata mafundi wa redio na simu wengi hawapaswi kuigusa, mtafute anayezijua maikrowevu. Asipopatikana, iuze kama chuma chakavu, sio kwa mtu wa kuitumia nyumbani.

Ukiwa umefanya yote na imebaki harufu kidogo ya chakula, iandike kwenye tangazo. Mimi naandika hivi: "Imetumika, inapasha vizuri, ina harufu ndogo ya moshi ukiipasha, bei imepunguzwa kwa ajili hiyo." Wateja wa bei ya chini wapo, mama wa kibanda cha chai hajali sana mradi chai inapata moto. Ila kuificha, mbali na kupoteza mteja, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza muuzaji kumpotosha mnunuzi, na ujumbe wako wa WhatsApp unabaki kwenye simu yake kama ushahidi.

Nayo video fupi ya sekunde ishirini ukipasha kikombe cha maji, mlango ukifunguliwa na ndani kukiwa kweupe, mtumie mteja kabla hajalipa. Ataona mvuke, ataona maika ni safi, na wengi hawaulizi tena swali la pili zaidi ya namba ya kulipia.