Tangazo Lisilo na Sauti: Maelezo Juu ya Sigara Zilizo Machoni pa Watoto Madukani Rubwera

Huenda msomaji akastaajabu kuona mtu wa lugha akiandika juu ya sigara, jambo ambalo kwa kawaida huachiwa madaktari na wanasheria. Lakini tangazo ni kazi ya lugha, na sheria nayo ni kazi ya lugha. Na pale ambapo maana ya neno haikufahamika sawasawa, sheria hupita pembeni ya jambo iliyokusudia kulizuia. Nia yangu katika makala haya ni kueleza namna sigara zinavyotangazwa madukani pasipo neno lolote kutamkwa, na kuonyesha ya kuwa maana ya asili ya neno letu “tangazo” yatosha kutuongoza katika kuwakinga vijana. Mifano yangu nimeitoa Rubwera, katika Wilaya ya Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Lakini nadhani msomaji wa Tabora au Lamu ataitambua kana kwamba imetoka mtaani kwake.

Kwanza yafaa tukumbuke ya kuwa tumbaku si ngeni katika nchi hiyo. Mmea wenyewe asili yake ni Amerika, na neno “tumbaku” tumelipata kutoka ng’ambo ya Bahari ya Hindi. Lakini katika nchi za Maziwa Makuu ulikwisha kuzoeleka kabla ya wageni wa Ulaya kufika. Speke, aliyepokewa na Mfalme Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861, aliandika kwamba mfalme na nduguye Nnanaji walikuwa na viko vikubwa vya udongo mweusi kando yao. Tumbaku hiyo ya kiko ilikuwa na madhara yake, wala sisemi kwamba ilikuwa njema. Ila yafaa tutazame tofauti moja: kiko kile kilikuwa kando ya mfalme, hakikuwa mbele ya mtoto, wala hapakuwa na mtu aliyelipwa ili watoto wa Karagwe wakitamani.

Sasa tuingie dukani. Duka la kijijini ni chumba kimoja chenye dirisha pana, na nyuma ya muuzaji pana rafu za mbao. Rafu za chini zina sabuni, chumvi, mafuta na viberiti. Juu ya meza, karibu na mkono wa muuzaji, mna peremende na kalamu za shule. Na papo hapo, kwa sababu huuzwa moja moja na huhitajiwa mara kwa mara, mna pakiti za sigara zilizofunguliwa. Nilisimama siku moja kando ya dirisha la namna hiyo, akaja mtoto aliyevaa sare za shule.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umetumwa nini?”

“Babu amesema nimletee moja.”

Hakusema moja ya nini, wala hakuulizwa. Muuzaji alinyosha mkono akatoa sigara, akampa pamoja na chenji. Kwa mtu wa lugha, neno hilo “moja”, lililoachwa peke yake pasipo jina lake, ni ushahidi mkubwa. Jina huachwa pale tu ambapo wasemaji wote wawili wanalo tayari akilini, kama mtu asemavyo “zimwa” akionyesha taa. Mtoto yule hajavuta sigara hata siku moja, pengine. Lakini imekwisha kuingia katika mambo ya nyumbani ambayo hayahitaji kutajwa. Ni nani aliyemfundisha? Babu yake kwa sehemu, na rafu kwa sehemu.

Hapa ndipo tunapolifikia neno lenyewe. “Tangazo” limetokana na kitenzi “tangaza”, nacho kimetokana na “tangaa”, yaani kuenea na kujulikana kwa watu wengi. Kama “jaa” inavyozaa “jaza”, na “kataa” ikazaa “kataza”, ndivyo “tangaa” inavyozaa “tangaza”: kukifanya kitu kienee, kukifanya kijulikane. Katika mzizi huo hamna sauti, hamna maandishi, hamna bango. Watu wengi husikia “tangazo” wakafikiri redio au gazeti, kwa sababu ndiko tulikolizoea. Lakini kwa haki ya neno lenyewe, chochote kinachofanya kitu kijulikane na kizoeleke ni tangazo. Pakiti iliyopangwa kwa rangi zake, ikaelekezwa uso wake dirishani kwenye kimo cha macho ya mtoto, yatangaza. Ukuta uliopakwa rangi za pakiti hiyo, hata usipoandikwa jina, watangaza.

Neno la pili la kutazamwa ni “onyo”. Kila mtu amesoma katika pakiti kwamba uvutaji wa sigara ni hatari kwa afya. “Onyo” latokana na “onya”, nalo latokana na “ona”: kumwonya mtu ni kumfanya aone. Kadhalika “onyesha” ni ndugu yake, mtoto wa mzizi ule ule. Kwa hiyo onyo na maonyesho ni ndugu wawili, na katika duka ndugu hawa wanagombana. Rafu yaonyesha kwa rangi nyekundu na dhahabu, kwa miezi na miaka. Pakiti yaonya kwa herufi. Tena anayeuziwa sigara moja moja haioni pakiti mkononi mwake kamwe: hupewa kijiti kitupu, na onyo hubaki dukani. Onyo lisiloonekana, kwa maana ya neno lenyewe, si onyo.

Neno la tatu ni “vuta”. Mvutaji husema kwamba yeye ndiye anayevuta. Lakini kutoka mzizi huo huo tumepata “vutia”, “mvuto” na “kivutio”. Nikotini iliyomo katika tumbaku huzoeleka upesi mwilini, hasa mwili wa kijana, na baada ya muda mfupi kitenzi hugeuka: aliyekuwa akivuta sasa anavutwa. Wavutaji walio wengi duniani walianza wakiwa vijana. Na uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi umeonyesha ya kuwa vijana wanaozoea kuona sigara na matangazo yake huelekea zaidi kuzijaribu. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Mtu anayezeeka na kufa huacha pengo katika idadi ya wanunuzi. Na pengo hilo halina wa kulijaza ila yule ambaye leo bado ni mtoto.

Majina nayo hayakuchaguliwa ovyo. Katika Afrika Mashariki zimepata kuuzwa sigara zilizoitwa Sportsman, yaani mwanamichezo. Embassy, yaani ubalozi. Sweet Menthol, ambayo yadai utamu. Na Safari, neno letu wenyewe. Hakuna hata moja iliyoitwa kwa jina la moshi, kikohozi au majivu. Kijana wa Rubwera, ambaye nyumbani husema Kinyambo na shuleni husoma Kiswahili na Kiingereza, hukutana na majina haya akiwa katika umri ule ambao hutaka kusoma kila herufi aionayo. Dirisha la duka humwia kitabu cha kusomea, na kitabu hicho chamwambia kwamba sigara ni michezo, cheo na safari. Wahenga walisema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tukiyaelewa haya, tutaona upungufu wa sheria. Tanzania ilitunga Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku mwaka 2003, nayo ilikataza kumwuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18. Lakini haikufunga milango yote ya matangazo. Mwaka 2007 nchi iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, ambao katika kifungu chake cha 13 wazitaka nchi zipige marufuku matangazo yote, kwa kadiri katiba zao zinavyoruhusu, katika muda wa miaka 5. Kwa Tanzania muda huo ulitimia mwaka 2012. Nchi wanachama zilipokutana Durban mwaka 2008 zilikubaliana kwa maneno dhahiri kwamba kuziweka sigara wazi dukani, peke yake, ni kutangaza. Kwa maneno mengine, walifika pale ambapo mzizi wa neno letu ulikuwa umesimama tangu zamani.

Wala mfano hauko mbali. Mtu wa Kyerwa akishuka Murongo akavuka Mto Kagera, anafika Kikagati katika Uganda, kwa watu ambao lugha yao na yake hufahamiana. Huko sheria iliyotungwa mwaka 2015 ilikataza matangazo ya tumbaku, ikakataza kuziweka sigara wazi madukani na kuziuza moja moja, na umri wa kuuziwa ukapandishwa hadi miaka 21. Sisemi kwamba sheria ikiandikwa imekwisha kutimizwa. Nasema tu kwamba mto mmoja hauwezi kuwa mpaka wa mapafu ya watoto.

Je, wenye maduka wa Rubwera wafanye nini? Mwenye duka si adui. Mtaji wake ni mdogo, na sigara hutoka kila siku. Lakini mvutaji mtu mzima anajua anachokitaka; huja akakitaja kwa jina, wala hahitaji kuonyeshwa. Anayehitaji kuonyeshwa ni yule asiyejua bado. Kwa hiyo muuzaji akiziweka sigara chini ya meza au ndani ya kabati lililofunikwa, hampotezi mnunuzi wake wa leo. Anachokataa ni kutumiwa kumtafuta mnunuzi wa kesho miongoni mwa watoto wa jirani zake. Aziondoe kando ya peremende na kalamu. Asikubali ukuta wake upakwe rangi za pakiti. Asimpe mtoto sigara hata akitumwa na mzee wa heshima. Na sisi wazee tusiwatume. Halmashauri za wilaya nazo zina uwezo, tangu sheria ya mwaka 1982, wa kutunga sheria ndogo. Na sheria ndogo yenye maneno machache, kwamba sigara zisionekane kutoka nje ya meza ya duka, ingefahamika kwa kila mtu na kukaguliwa kwa kutupa jicho tu.

Watakaoandika sheria hiyo naomba waangalie neno moja. Wasiandike “ni marufuku kutangaza” wakaishia hapo, kwa kuwa mazoea yamelibana neno hilo hata likawa dogo. Waandike “kutangaza au kuonyesha”. Na wasomaji wa jarida hili walioko pande nyingine ningewaomba wakusanye majina ambayo vijana wa kwao wanaziita sigara, pamoja na umri wa wanaoyatumia. Kwa maana mtoto akikwisha kulipa jambo jina lake mwenyewe, jambo hilo limekwisha kuingia nyumbani. Yule wa Rubwera hakuhitaji hata jina. Alisema “moja”, na ikatosha.