Saa Sita za Unguja: Mgeni wa Meli Anaona Kisiwa Kipi?

Msimu wa meli za watalii ukifika, wenzetu kadhaa huwa hawaonekani darasani siku mbili tatu. Hawaumwi. Ukishuka Malindi utawakuta getini, shati limepigwa pasi, kibao cha kampuni mkononi, wanasubiri wageni washuke. Watu huiona kazi hiyo nyepesi: kutembea, kucheka, kusema "karibu" na kupokea bakshishi. Mimi nasoma ualimu, naiona kwa jicho jengine. Ni kipindi kigumu kuliko chochote tulichowahi kupewa kwenye mazoezi ya kufundisha. Somo ni kisiwa kizima, wanafunzi wengine wana miaka sabini, na kengele ni honi ya meli. Ikilia, imelia.

Tuanze na hesabu ya saa, maana ndiyo inayoamua kila kitu. Tuseme meli imefunga gati saa 2 asubuhi na itaondoka saa 11 jioni. Usidhani mgeni ana saa tisa. Kushuka, kukaguliwa na kugawanywa kwenye mabasi, saa nzima imekwenda. Jioni anatakiwa awe melini mapema kabla ya kung'oa nanga. Toa chakula cha mchana, toa choo, toa yule bibi aliyesahau miwani ndani ya basi. Zinabaki saa sita, na hapo foleni ya Darajani hatujaihesabu. Nungwi iko karibu kilomita 60 kutoka mjini, kwenda na kurudi tu ni zaidi ya saa mbili. Jozani, kwa kima punju, ni kama kilomita 35; inawezekana, lakini mji utauona nusu. Kwa hiyo ratiba za makampuni mengi zinafanana kama mapacha: Mji Mkongwe asubuhi, shamba la viungo upande wa Kizimbani au Kidichi mchana, Forodhani kidogo, kwaheri.

Matokeo yake, mgeni anarudi melini akiamini kwamba Unguja yote ni bustani. Si kosa lake. Upande wa magharibi, kuanzia mjini kwenda juu Bububu na Kizimbani, udongo ni mzito na mvua ni nyingi, ndiyo maana minazi, mikarafuu, mifenesi na miembe imebanana hadi barabarani. Mashariki, kule Paje, Jambiani, Makunduchi, ni uwanda: jiwe la matumbawe na udongo mchache juu yake, ambapo mkulima anapanda mtama na muhogo kwenye mifuko ya udongo kati ya mawe. Watu wa kule wameishi zaidi kwa bahari, na baadaye kwa mwani, ambao kina mama ndio waliubeba mabegani. Basi la meli halifiki huko. Kisiwa cha kijani ni kweli, lakini ni nusu ya kweli.

Na jambo hili si la leo. Mwaka 1905 Wamarekani walijenga reli ndogo kutoka mjini, karibu na Ngome Kongwe, hadi Bububu, maili saba hivi. Wenyeji waliipanda kwa shughuli zao, lakini liliwekwa pia behewa la daraja la kwanza kwa ajili ya abiria wa meli zinazopita, wapate kuliona shamba haraka haraka kabla meli haijaondoka. Yaani kifurushi cha watalii wa meli tumekuwa nacho kwa zaidi ya miaka mia moja. Reli ilikufa miaka ya 1920, barabara ikachukua kazi, lakini njia ni ile ile.

Kabla ya hapo wageni wa bahari walikaa. Hawakuwa na hiari. Jahazi lililokuja na kaskazi, Disemba hadi Machi, lilisubiri upepo wa kusi ndipo lirudi Arabuni au Bara Hindi. Miezi hiyo watu walikodi vyumba, wakakopeshana, wakaoa, wakajifunza lugha. Kiswahili chenyewe kina deni kubwa kwa upepo. Meli za moshi zilipoanza kuja mara kwa mara, hasa baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, nahodha hakuhitaji tena kusubiri upepo wa mtu. Miezi ikawa siku, siku zikawa saa.

Sasa tuje kwenye somo lenyewe, maana hapa ndipo ninapowaombea radhi wenzangu waniruhusu nikosoe kidogo.

Kituo cha asubuhi ambacho hakikosekani ni Mkunazini. Soko la watumwa lilifungwa Juni 1873, kwa mkataba ambao Sultan Barghash aliusaini kwa shinikizo la Waingereza. Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Waanglikana juu ya uwanja ule ule, na msimamizi wa ujenzi alikuwa Askofu Edward Steere, ambaye wengi wetu tunamjua zaidi kwa kazi yake ya sarufi ya Kiswahili. Mgeni anaoneshwa altare, anaambiwa hapo ndipo palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa. Kisha anashushwa kwenye vyumba vya chini vyenye dari fupi, anaambiwa walifungiwa humu kabla ya kuuzwa. Hapo ndipo watu hulia. Shida ni kwamba jengo lililo juu ya vyumba hivyo, la St. Monica, ni la wamisionari, na lilijengwa baada ya soko kufungwa. Ndiyo maana wapo wanahistoria wanaohoji kama mtumwa yeyote aliwahi kufungiwa mle. Soko lilikuwepo, mateso yalikuwepo, hilo halina mjadala. Lakini mwalimu mwenye ushahidi wa kutosha hahitaji kutegemea chumba chenye utata.

Kinachonisumbua zaidi ni kinachofuata. Wageni wanapanda basi, wanafuta machozi, nusu saa baadaye wako shamba wanacheka. Wanapewa kofia za makuti, wanavunjiwa kungumanga waone basibasi nyekundu ndani, kijana anakwea mnazi huku akiimba, wanalishwa mananasi. Wanaambiwa karafuu ni chipukizi la ua linalochumwa kabla halijafunguka, linaanikwa juani kwenye majamvi mpaka liwe jeusi. Yote sahihi. Hakuna anayewaambia kwamba asubuhi na mchana wametembelea habari moja. Watu waliouzwa Mkunazini hawakusafirishwa wote kwenda nje. Wengi walibaki hapa hapa, wakapelekwa mashamba ya mikarafuu, huko huko Kizimbani na Kidichi. Soko lilipofungwa 1873, utumwa wenyewe haukuisha. Uliondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, miaka 24 baadaye. Kwa miaka yote hiyo karafuu ilikuwa ikichumwa.

Sentensi mbili ndani ya basi zingetosha kuunganisha. Dereva akiwa amekwama Darajani, muda upo.

Ukitaka kuongeza ya tatu, waambie kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha Pemba, ndiyo maana hadi leo karafuu kwa wingi wake iko Pemba, na shamba wanalotembezwa ni zaidi la maonesho: mdalasini mmoja, vanila mmoja, iliki kidogo, vyote ndani ya hatua hamsini. Si udanganyifu. Hata sisi darasani tunatumia zana za kufundishia. Ila zana isiitwe shamba.

Najua jibu la wenzangu: mgeni amelipa afurahi, hakulipa apewe muhadhara. Na ukweli ni kwamba vita vya Agosti 1896, vile vilivyoisha chini ya saa moja, vinapendwa na waongozaji kwa sababu vinasimulika kwa dakika moja na wageni wanacheka. Pia kuna habari ya pesa. Safari nyingi huuzwa ndani ya meli, kwa dola. Meli inakata chake, wakala wa mjini anakata chake, linalobaki ndilo la basi, shamba na muongozaji. Anayeshuka peke yake na kupatana na papasi getini analipa kidogo, na pesa inaingia mfukoni mwa mtu wa hapa moja kwa moja. Lakini wengi wanaogopa. Meli humsubiri aliyenunua safari ya meli; aliyezurura mwenyewe akichelewa, ataiona ikiishilia nyuma ya Changuu. Hofu hiyo ndiyo inayouza tiketi. Kwa hiyo muongozaji anabaki akitegemea bakshishi na kamisheni ya duka la vinyago, na mtu anayetegemea bakshishi hapendi kumharibia mteja mchana wake. Namuelewa kabisa.

Hata hivyo nimesikia wageni wakiuliza swali lile lile ndani ya basi: "Nani alikuwa akizichuma?" Wanauliza wenyewe. Kwa hiyo wanataka kujua, na sisi tuna jibu.

Na kama kuna dakika kumi za ziada, basi zima hupita hapa hapa Beit el-Ras likienda Bububu. Ndani ya eneo la kampasi yetu ya Nkrumah kuna baraza kubwa la mawe, mabaki ya kasri ambalo Seyyid Said alianza kulijenga mwaka 1847 na hakulimaliza hadi alipofariki 1856. Mawe yake mengine yalichukuliwa kujengea ile reli ya Bububu. Wanafunzi wanakaa hapo kivulini wakibishana kuhusu mpira. Sijawahi kuona basi la meli likisimama.