Mtoto asiyetoka jasho: baridi ya Mbeya inavyoficha hitilafu ya jeni

Kuna ugonjwa wa kurithi unaoweza kujificha kwenye baridi ya Mbeya au Mafinga, halafu ukajitokeza siku mtoto anaposhuka Kyela au bonde la Pawaga. Mwili unachemka, ngozi kavu. Nyumbani wanasema ni malaria. Kipimo hakionyeshi kitu, dawa ya homa haisaidii. Akiloweshwa maji na kukaa kivulini, joto linashuka.

Kumbe mtoto hana tezi za jasho za kutosha. Jasho likikauka kwenye ngozi huondoka na joto. Bila jasho, joto linabaki mwilini. Ukimwangalia vizuri, nywele ni chache na meno ni machache, mengine yamechongoka. Wataalamu huiita displasia ya ektodemu.

Sasa meno, nywele na jasho vinahusianaje? Vyote huanzia kwenye tabaka la nje la mimba changa. Jeni iitwayo EDA, iliyotambuliwa mwaka 1996, hutengeneza protini inayoliambia tabaka hilo: ota jino hapa, nywele hapa, tezi pale. Ujumbe usipofika, vitu hivyo havijengwi, au vinajengwa nusunusu.

EDA iko kwenye kromosomu X. Msichana ana X mbili, hivyo iliyo nzima humsaidia. Pengine atakosa jino moja au mawili. Mvulana anayo moja tu, ya mama. Mama akibeba hitilafu, kila mtoto wa kiume ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuugua. Baba mgonjwa hawarithishi wanawe wa kiume, ila binti zake wote hubeba. Ualbino ni tofauti: huko lazima baba na mama wote watoe nakala yenye hitilafu. Mwaka 1875, kabla jeni hazijajulikana, Charles Darwin aliandika kuhusu ukoo wa Sindh, wanaume wa vizazi vinne wakikosa meno, mabinti wakiwa wazima lakini wakirithisha wana wao.

Basi ni kosa la mama? Hapana. Hakuna anayechagua X ya kumpa mtoto, na wakati mwingine hitilafu huanza upya kwa mtoto mwenyewe.

Homa ipimwe malaria kama kawaida. Ila anayechemka bila jasho, na meno hayaoti sawasawa, aonwe na daktari wa watoto na wa meno. Na mkishuka Kyela, bebeni maji ya kumlowesha, si ya kunywa tu.