Je, Wajua? Siri ya Mwendo wa Polepole
Eliud Kipchoge, mkimbiaji wa Kenya aliyekimbia kilomita 42.195 mjini Vienna mwaka 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, kwa miaka mingi amefanya sehemu kubwa ya mazoezi yake kwenye barabara za vumbi za Kaptagat, karibu na Eldoret, kwa mwendo wa polepole, jambo ambalo wakimbiaji wa ridhaa, kwa haraka yao, hulidharau. Tofauti na mwendo huo, zoezi kali huacha michaniko midogo ndani ya misuli, na maumivu yake, ambayo aghalabu hufikia kilele kati ya saa 24 na 72 baadaye, hutulia mwili unapojijenga upya kwa usingizi na chakula. Lakini maumivu ya mfupani yanayochoma mahali pamoja na kuzidi kwa kila hatua huweza kuwa dalili ya ufa, na mwenye nayo anapaswa kumwona daktari.